Fundi wa chokaa analipwa siku ngapi?

Daftari lenyewe ni la shule, jalada limepauka na limejaa alama za vidole vyeupe. Mwenyewe ni fundi wa chokaa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, mtu aliyeipita sitini, na humo ndani hakuandika shilingi hata moja. Ameandika siku. Kila mstari ni mwezi, kila kijiti ni siku aliyoshika mwiko, na cha tano kimelazwa juu ya wenzake wanne. Nilimuuliza, "Mzee, siku hizi fundi wa chokaa analipwa ngapi kwa siku?" Akanisukumia daftari.

"Hilo swali la watu wa mradi," akasema. "Wewe hesabu vijiti, mwanangu."

Nikahesabu. Mwezi mmoja una vijiti ishirini na sita. Unaofuata ishirini na nne. Halafu inakuja miezi mitatu ambayo mistari yake ni mitupu, ila katikati ya mmoja kuna vijiti viwili vimesimama peke yao kama watu waliokosa gari. Siku zile, akanieleza, mwenye hoteli alitaka azibiwe dari kabla wageni hawajafika.

Mjadala wa malipo ya kazi ya kuhifadhi majengo na vitu vya kale karibu kila mara huanza na swali alilolikataa mzee huyu. Wapo wanaosema kazi inalipa: anayeijua chokaa ni adimu, na mwenye ujuzi adimu hujipangia bei. Wapo wanaosema ni njaa iliyopakwa heshima, na kijana mwenye akili zake atatafuta gari la kubebea watalii. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu. Hakuna anayesema uongo. Ila wote wanabishana juu ya siku, na ugonjwa uko kwenye mwaka.

Nianze na wanaosema inalipa, maana hawaropoki. Nyumba ya Mji Mkongwe haikujengwa kwa matofali. Kuta zake, zenye unene wa nusu mita na zaidi, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Dari zimelala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Fundi aliyezoea tofali na saruji akiingia humo anarudi kuwa mwanafunzi. Saruji ni ngumu na haipumui. Ukiipiga juu ya ukuta wa matumbawe, maji yaliyomo ndani yanakosa pa kutokea. Yanapanda, yanabeba chumvi, na baada ya masika mawili matatu lipu inavimba na kubanduka vipande vipande. Kibaya zaidi ni vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Vinaoza taratibu bila mtu kujua, hadi siku dari inapoteremka.

Chokaa nayo ina mambo yake. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakamwagiwa maji. Hapo hutokota yenyewe kwa joto lake hadi yakasambaratika. Baadaye inalowekwa shimoni. Mwenye haraka ataitumia baada ya wiki chache. Fundi anayejiheshimu anataka miezi, na kadiri inavyokaa chini ya maji ndivyo inavyozidi kulainika kama samli. Ukiipaka unaipaka nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka unalinyunyizia maji lisikauke mbio, kwa sababu chokaa haishiki kwa kukauka kama tope. Inashika kwa kuvuta hewa ukaa kidogo kidogo, na hiyo ni kazi ya majuma. Mzee wa daftari alinionyesha namna ya kuijua iliyoiva: alichota donge kwa mwiko, akaugeuza mwiko chini juu, akatulia. Donge likabaki limening'inia. "Hii sasa unaweza kuipeleka ukutani," akasema. Sijawahi kuona kipimo hicho katika karatasi ya zabuni.

Ujuzi wa namna hii unastahili bei, na mradi mkubwa ukija bei hupatikana. Zahanati ya Kale pale Mizingani, jumba lililojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19 na kufufuliwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan katika miaka ya 1990, ilikuwa kama chuo kwa mafundi wa Unguja. Waliopita mikononi mwa mradi ule walitoka na jina, na jina liliwatafutia kazi nyingine. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa humo mwaka 2014, yalinusurika kwa mikono ya mafundi na wanavijiji waliofundishwa papo hapo. Kwa siku za miradi kama hiyo, fundi wa chokaa anaweza kumpita mwenzake wa saruji kwa malipo, na huwa analipwa kwa wakati.

Sasa turudi kwenye vijiti. Nitatumia namba za mfano, si takwimu za mtu. Tuseme fundi wa chokaa analipwa shilingi 40,000 kwa siku, na fundi wa saruji huko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kunakojengwa nyumba mpya kila uchao, analipwa 25,000. Ukiishia hapo, wa chokaa ni tajiri. Lakini wa kwanza akipata siku 100 kwa mwaka anaondoka na milioni 4, yaani kama 333,000 kwa mwezi. Wa pili akipata siku 270 anaondoka na milioni 6.75, zaidi ya 560,000 kwa mwezi. Na huyo wa pili muuza duka anamkopesha, kwa sababu anajua Jumamosi atamwona. Wa kwanza hata duka linasita.

Pengo la miezi linafanya jambo jingine ambalo ripoti za miradi haziligusi. Fundi halali njaa akisubiri wafadhili, anatafuta kibarua. Kibarua kilichopo ni cha saruji. Na mara nyingine kinapatikana hapo hapo Mji Mkongwe, kwa mwenye nyumba asiye na fedha wala subira ya chokaa. Basi mtu yule yule aliyefundishwa kwa fedha nyingi kwamba saruji inaua ukuta wa matumbawe, anaichanganya na kuipiga juu ya ukuta wa matumbawe, huku akijua anachokifanya. Mzee wa daftari hakunificha. "Nyumba ile pale," akanionyesha kwa kidevu, "mimi niliiziba saruji. Na mimi nitaitwa kuibandua, Mungu akinipa uhai."

Kuna na mwili. Chokaa isiyopoa inaunguza, na tone moja jichoni linaweza kumaliza kazi ya mtu. Fundi wa kutwa akianguka juu ya jukwaa, mara nyingi hakuna mchango wa hifadhi ya jamii wala bima inayomngoja chini. Kuna mchango wa msikitini. Wanaohesabu malipo ya siku huwa hawaingizi hilo kwenye hesabu, na mimi nadhani ndilo lingepaswa kuwa la kwanza.

Tunao msemo tunaoupenda sana kwenye mikutano ya urithi: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kila msemaji anausema, na wasikilizaji wanatikisa vichwa. Ila ukifuata fedha utaona zinakwenda kinyume cha msemo. Fedha ni za ukuta. Ufa hauna fungu. Mfereji uliozibwa na majani, bomba la choo linalovuja ndani ya ukuta, bati lililochomoka upepo wa kusi ulipopiga, haya ndiyo yanayoziua nyumba za chokaa, na ndiyo ambayo fundi mmoja na msaidizi wake wangeyamaliza kwa siku mbili. Hakuna anayeyaandikia mradi. Nimehudhuria hafla za kukata utepe. Bado sijaalikwa hafla ya kuzibua mfereji.

Tazama Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 pale Forodhani. Lilishapigwa mizinga mwaka 1896 likasimama. Sehemu yake moja ilianguka mwaka 2012. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati mkubwa uliogharamiwa na Oman ukiendelea, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Sibishani hapa juu ya chanzo cha kuanguka. Hilo lina wataalamu wake. Nasema kuhusu kalenda tu. Fedha nyingi zilifika jumba likiwa mahututi, na mahututi ndipo kazi ya fundi inapokuwa ya hatari kuliko wakati wowote.

Wala si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Notre-Dame ya Paris, mwaka 2017, ilikuwa ikitembeza bakuli kutafuta fedha za kukarabati mawe na mnara wake. Ikaungua tarehe 15 Aprili 2019, na michango ikafika kiasi cha euro milioni 846. Mafundi wa mawe na seremala waliokuwa hawajulikani wakawa mashujaa wa televisheni hadi kanisa lilipofunguliwa tena Desemba 2024. Moto ulileta kilichokosekana kabla ya moto.

Kuwatetea wafadhili kidogo ni haki. Bila wao Zahanati ya Kale leo ingekuwa kifusi, au maegesho ya magari. Mfadhili hawezi kumlipa fundi milele. Vitabu vyake vinafungwa, na bodi yake inataka picha ya kabla na ya baada. Ufa uliozibwa mapema hauna picha ya baada. Namwelewa. Simlaumu kwa kutotoa. Namlaumu kwa kutoa mafunzo ya ufundi wa maisha kwa mkataba wa miezi kumi na minane.

Upande wa makumbusho hali ni nyingine, na huko nitapita haraka zaidi, ingawa wahusika wataninunia. Mhifadhi wa vitu, anayekaa maabara badala ya juu ya jukwaa, ana kile ambacho fundi hana: mshahara wa mwezi, likizo, kiinua mgongo. Fort Jesus, Mombasa, ina maabara ya uhifadhi, na kati ya kazi zilizoipa sifa ni vitu vilivyoopolewa kati ya 1977 na 1980 kutoka Santo Antonio de Tanna, meli ya Wareno iliyozama chini ya ngome hiyo mwaka 1697. Mbao iliyokaa baharini karibu karne tatu huwezi kuianika tu. Ikikauka ghafla inapasuka na kujikunja. Chuma kinatoa chumvi miaka na miaka. Kazi hiyo haina msimu, kwa hiyo anayeifanya lazima awe na ajira ya kudumu. Hapo, kwa namna ya ajabu, kitu kimemwajiri mtu.

Lakini ngazi yake ni fupi. Mtu anasoma kemia, anasoma historia, anabahatika kozi ya ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi kule Roma, au mafunzo ya kituo cha urithi cha Mombasa, anarudi kwenye meza yake, na baada ya miaka kumi anagundua kwamba ili mshahara upande lazima awe mkuu wa kitu. Anakuwa mkuu. Maabara inapoteza mikono iliyokuwa imeanza kujua. Na haya ni mbali na mvuke wa asetoni, dawa ya kusafishia, aliouvuta, na sumu ya aseniki iliyotumika zamani kuhifadhi wanyama waliokaushwa, ambayo bado imo kwenye manyoya.

Anayedhani nchi za nje wenzetu wanaogelea kwenye fedha aulize tena. Marekani kazi hii inadai shahada ya uzamili, na kabla ya kupokelewa chuoni mtu anatakiwa awe na kemia, historia ya sanaa na saa nyingi za mazoezi ya kazi, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ya bure au ya malipo ya soda. Anayeweza kufanya kazi bure mwaka mzima ni mtoto wa mwenye nacho, na hivyo ndivyo fani ilivyojichagulia watu wake. Mwaka 2019 wafanyakazi wa makumbusho walisambaza jedwali mtandaoni kila mtu akiandika mshahara wake bila jina, na likajaa maelfu. Mwaka huo huo chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa cha Marekani kikatoa azimio la kuhimiza mafunzo kazini yalipwe. Mwaka 2022 wafanyakazi wa makumbusho ya sanaa ya Philadelphia waligoma siku 19 ndipo wakapata mkataba. Hao wote wana ajira ya mwezi. Tofauti yao na mzee wa daftari ni kwamba wao waliweza kugoma. Fundi wa kutwa akigoma, kesho yake ana mstari mtupu tu, kama ilivyokuwa jana.

Kuna dawa inayopendekezwa sana: vyeti. Fundi apimwe, apewe daraja, na kila daraja liwe na bei yake ya chini. Wanaounga mkono wana hoja nzito. Leo mwenye hoteli akimwita yeyote mwenye mwiko na kumwita fundi wa chokaa, hakuna wa kumbishia. Cheti kingemtenganisha aliyeloweka miezi na aliyefungua mfuko jana. Uanagenzi rasmi ungemvuta kijana, kwa sababu kijana wa leo anataka kuonyesha karatasi nyumbani.

Wanaopinga nao nimekaa nao barazani. Wanasema ukiweka mtihani wa kuandika, wa kwanza kuanguka ni wale tunaowategemea, waliojifunza kwa baba na mjomba na hawajakaa darasani. Wanasema pia ukipandisha bei ya siku kwa amri, mwenye nyumba hatoi zaidi. Anakwenda kununua saruji, na ikishindikana mchana kwa kuogopa wakaguzi wa Mamlaka ya Mji Mkongwe, hupigwa usiku. Hoja ya kwanza ina jibu, wapimwe kwa mwiko badala ya kalamu. Hoja ya pili siioni jibu lake rahisi. Ndiyo inayonifanya niamini cheti bila siku za kazi ni fremu ya ukutani.

Siku za kazi zipo. Upimaji wa mwaka 1982 ulihesabu majengo 1,709 katika Mji Mkongwe, na sehemu kubwa yalikuwa katika hali mbaya. Tena kwa mfano tu: kila jengo likipata siku kumi za fundi kwa mwaka, za kuziba, kuzibua na kupaka chokaa kuta za nje, ni siku zipatazo 17,000. Gawa kwa 250 na unapata mafundi 68 wa mwaka mzima, bila mradi, bila utepe. Si jeshi. Lakini ni mafundi 68 ambao watoto wao wangeiona kazi hii kama kazi.

Ugumu uko kwa mwenye nyumba, na hapa ndipo mambo yanapochafuka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali na kugaiwa wapangaji. Nyingine ni za wakfu. Nyingine zina warithi ishirini, watano wako Muscat, watatu London, na aliyebaki hana hata ufunguo wa juu. Kodi ya vyumba vingi ni ndogo mno. Mpangaji hazibi ufa wa nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba hazibi ufa wa nyumba isiyomwingizia kitu. Ukimwambia mama anayeishi humo na wajukuu kwamba chokaa ni bora kuliko saruji, atakujibu kwa adabu kwamba anajua, na mfuko wa saruji unauzwa pale mtaani.

Kwa hiyo fedha za ufa zitatoka kwa anayefaidi sura ya mji, na huyo ni utalii. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipa bima ya lazima ya dola 44. Yeye ana bima. Ukuta anaokuja kuupiga picha hauna. Sisemi bima ile ichukuliwe, ina kazi yake. Nasema imeonyesha kwamba mgeni akitajiwa kiasi kidogo na sababu inayoeleweka, analipa na bado anakuja. Wenye hoteli watalalamika, na baadhi watakuwa na haki, maana tozo zimekuwa nyingi na hakuna anayewaonyesha zilikokwenda. Mfuko wa ufa ungehitaji daftari lililo wazi kuliko la mifuko tuliyoizoea. Pengine la vijiti: jengo gani, fundi gani, siku ngapi.

Nilipomweleza mzee wazo hili alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza fedha hizo zingeshikwa na nani. Nikasema hilo bado. Akacheka, akanichukua uani kuniaga. Pale nyuma ana shimo la chokaa alilolijaza mwaka jana, aliposikia kuna mradi unakuja mtaa wa pili. Mradi haujaja. Akaondoa bati, akamimina ndoo mbili za maji juu yake polepole lisitibuke, akalifunika tena na kuliwekea jiwe.

"Ijumaa narudi kulinywesha," akasema. Nikamuuliza kama siku hiyo ataitia kijiti daftarini. Akasema hiyo haihesabiwi.